Ng'ombe wa mama ndo chanzo cha ugonjwa wangu wa moyo, na ndo wanauzwa ili nitibiwe

Shikamoo mama.

Nimesoma majibu yako muda mrefu sana, nikiona shida za watu najisemea kimoyomoyo huyu naye kajitakia, kumbe na mi zamu yangu ilikuwa inakuja. Naomba jina langu lisitoke maana wa kwetu ni waongeaji.

Nina miaka 31, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa miaka 4, kazi yangu cherehani. Naishi Morogoro ila kwetu ni Manyara, upande wa Hanang. Mama yangu anafuga, ng'ombe 7 na mbuzi kumi na kitu, baba alishafariki kwahiyo hao ng'ombe ndo benki yake, ndo pensheni yake, ndo kila kitu. Mwaka jana mwezi wa 6 nilienda kumsalimia nikakaa wiki 7, na unajua kwetu ukifika tu unapewa maziwa, mabichi, yana joto la ng'ombe bado, na mengine ya mgando kwenye kibuyu. Sijawahi kuona mtu anachemsha maziwa kwetu, ukichemsha wanakwambia umeyaua.

Nilivyorudi Morogoro mwezi wa 8 homa zikaanza. Siyo homa ya kukulaza, hapana, asubuhi nipo vizuri nashona, ikifika saa 11 jioni mwili unachemka, usiku jasho mpaka shuka unaweza kulikamua, mgongo na viungo vinauma kama nimelima heka nzima. Zahanati ya kwanza wakasema malaria. Ya pili malaria tena na UTI. Ya tatu taifodi, nikachomwa sindano siku 7. Nikipata dawa naona nafuu wiki moja mbili alafu inarudi pale pale. Nikapungua kilo 11, mama mkwe akaanza kuniangalia kwa lile jicho unalolijua, nikapima nikakutwa salama, TB nayo nikapima salama.

Mwezi wa 2 mwaka huu nipo kwenye cherehani mkono wa kushoto ukawa mzito ghafla, kitambaa kikadondoka, nataka kumuita mtoto wa jirani mdomo unavuta upande. Ikaisha baada ya kama nusu saa. Ndo nikakimbizwa hospitali kubwa, na pale daktari mmoja kijana tu akaniwekea kile kipimo cha masikioni kifuani akakunja uso, akasema dada moyo wako unapiga mluzi. Nikafanyiwa eko, ile picha ya kuangalia moyo unavyopiga, wakaona kuna uchafu umeng'ang'ania kwenye valvu ya aota, yaani mlango wa moyo unaopitisha damu kwenda mwilini, na damu inavuja kurudi nyuma. Damu ikaoteshwa maabara, siku kadhaa hakuna kitu, baadae akaota mdudu anaitwa brusela. Swali la kwanza la daktari, kwenu mnafuga? Unakunywa maziwa mabichi? Aliniambia pia hiyo valvu inaonekana nimezaliwa nayo ina majani mawili badala ya matatu, miaka yote 31 sikuwahi kujua.

Sa hivi nipo wiki ya 6 ya dawa, zile za kukojoa mkojo rangi ya machungwa na nyingine, homa imekata namshukuru Mungu. Lakini valvu imeshaharibika, lazima nifunguliwe kifua wabadilishe. Tumeambiwa tufikirie, ya chuma au ya mnyama, na nikasikia za mnyama nyingine zinatengenezwa kwa ng'ombe, nikacheka peke yangu mpaka nesi akaja kuniuliza kulikoni.

Hela hatuna, bima hatuna. Kaka yangu mkubwa akasema tunauza ng'ombe 4, na hapo ndo usingizi wangu ulipoishia. Mteja wa wawili ameshapatikana, ni mama mmoja mjane wa hapo hapo kijijini, yuko na mama kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, amekopa huko anunue ng'ombe wa maziwa aanze biashara ya maziwa. Na mmoja kati ya hao wawili ni yule ambaye mwezi wa 6 nikiwa kule alitupa mimba, mi mwenyewe nilimsaidia mama kumvuta kondo la nyuma usiku, na mama akasema hii ni mara ya pili, huyu ana mkosi.

Nikamwambia kaka si wapimwe kwanza? Akawaka moto. Ng'ombe wamenenepa wanatoa maziwa, ugonjwa uko wapi, wote tumekunywa hayo maziwa toka tumezaliwa mbona umeumwa wewe tu, na ukifungua mdomo bei itaanguka kijiji kizima alafu hiyo operesheni ujilipie mwenyewe. Na akanikataza nisimwambie mama habari za maziwa, mama anajua nina presha. Anasema mama akijua ni maziwa yake atakufa kabla yangu. Na mama mwenyewe hayuko sawa, mgongo, magoti, jasho la usiku, ndo uzee tena. Huyo kaka nae mwaka jana alilazwa ana homa na korodani imevimba, akapewa dawa akapona, leo anajifanya simba.

Mume wangu anasema nyamaza, uhai kwanza, mengine tutatubu baadae. Tena anataka niwekwe ya chuma nisije kupasuliwa mara ya pili, na hapo hapo anataka mtoto wa pili.

Nikinyamaza napona kwa hela ya yule mjane, namuachia ugonjwa nyumbani kwake. Nikisema nakosa operesheni, kaka hanisamehi na mama anajua. Mteja analeta hela mwezi ujao. Nifanyeje mama?

Mshona nguo, Morogoro

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya homa ya miezi 6, pole ya lile jicho la mama mkwe, na pole zaidi ya hili la sasa maana naona dawa zinakutibu mwili lakini usiku unalala na yule mjane kichwani.

Nikikuelewa vizuri, valvu yako inatakiwa ibadilishwe, hela inatoka kwa ng'ombe, na unahisi ng'ombe hao ndo waliokupa mdudu na sasa wanakwenda kwa mtu mwingine ambaye hajui. Juu ya hapo umebebeshwa siri ya mama. Hayo ni mambo mawili na wewe umeyafunga kwenye kanga moja, ngoja tuyafungue tuone kama kweli lazima yaende pamoja.

Kabla ya hapo, zile zahanati. Usizichukie sana. Kuna utafiti ulifanyika Moshi mwaka 2007 na 2008, walichukua wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, zaidi ya nusu wakawa wameandikiwa malaria, walipopimwa kwa makini waliokutwa na malaria kweli walikuwa 14. Wengi tu walikutwa na magonjwa yanayotoka kwa wanyama, brusela ikiwemo. Kwahiyo siyo wewe peke yako uliyemeza dawa za mbu kwa ugonjwa wa zizini, na sijui kama kuna mtu angekuuliza habari za maziwa ukiwa umekaa kwenye foleni ya Morogoro mjini na nguo zako nzuri.

Sasa hili la kaka, mbona wewe tu. Ni swali zuri hata kama ameliuliza kwa ukali. Brusela ikiingia kwa watu wengi inaleta homa na maumivu ya viungo, kwenye moyo inafika kwa wachache sana, haifiki hata wawili katika mia, ila hao wachache ndo wanaobeba vifo vingi vya ugonjwa huu. Inapenda valvu ya aota, na inapenda valvu yenye kasoro. Valvu nzima ni kama sufuria laini, kitu hakishiki. Yako ya majani mawili damu inapita kwa kugongagonga miaka yote, pakawa na mikwaruzo, wadudu wakashika kama ukoko wa wali, na ukoko ule ukimeguka kipande kinasafiri na damu. Kilichokupooza mkono nusu saa ile yawezekana kabisa ni kipande kidogo kilichopanda kichwani. Kwahiyo maziwa yale yale kaka akinywa yanaweza kumuachia homa tu, wewe yakaenda kukaa moyoni.

Lakini sina uhakika hata kama ni maziwa, na wewe pia huna. Uliniandikia kwa kupita tu, kama jambo la kawaida, kwamba ulivuta kondo la nyuma la ng'ombe aliyetupa mimba, usiku, bila shaka mikono mitupu na wewe ni mshonaji vidole havikosi tundu za sindano. Pale wadudu wanakuwa wamejaa kuliko hata kwenye maziwa. Sikwambii hivi ili nikuhamishie lawama kutoka kwa mama kuja kwako, nakwambia ili uone kwamba ile hadithi ya "maziwa ya mama yameniua" ni hadithi mliyoitunga wewe na kaka, alafu mkaiogopa. Na ng'ombe kutupa mimba mara mbili kunatia shaka kubwa lakini hakuthibitishi, yapo magonjwa mengine yanayofanya hivyo. Mpaka sasa hakuna ng'ombe hata mmoja aliyepimwa.

Kuhusu kunenepa kwao naomba nikupe kisa kimoja cha kumsimulia kaka siku akiwa amepoa. Kisiwa cha Malta, zamani askari wa Kiingereza walikuwa wanaugua homa hii hii, hawajui inatoka wapi. Mwaka 1905 daktari mmoja wa huko, Themistocles Zammit, akaenda kupima damu ya mbuzi, mbuzi waliokuwa wazima kwa macho, wanatoa maziwa vizuri tu, akakuta wanao mdudu. Mwaka huo huo mbuzi wa Malta walipakiwa melini kwenda Marekani, mabaharia wakanywa maziwa njiani, wakaugua. Mnyama mwenye brusela siyo lazima akonde, anaweza kupandishwa meli akanunuliwa kwa bei nzuri.

Halafu mama. Umesema jasho la usiku, mgongo, magoti, "ndo uzee". Ulipoelezea homa yako mwanzo wa barua ulitumia maneno karibu yale yale. Na korodani kuvimba pamoja na homa kwa mwanaume anayeishi na ng'ombe, daktari anayeijua brusela angeiwaza. Sisemi wanao, mi siwezi kumpima mtu kupitia barua, magoti ya mama wa Hanang yana sababu mia za kuuma. Ila mkimficha mama chanzo cha ugonjwa wako, mnamficha pia sababu ya yeye mwenyewe kwenda kupimwa damu. Kaka anasema atakufa akijua. Inawezekana ataumia sana, wewe unamjua mama yako mi simjui, ingawa mwanamke aliyezika mume akabaki na zizi peke yake nasita kumuita dhaifu. Tena kuna namna za kusema. "Mama maziwa yako yameniharibu moyo" ni namna moja. "Mama daktari amekuta nina ugonjwa wa ng'ombe wanaotupa mimba, anataka na wewe upime" ni nyingine, na ni kweli vile vile.

Tuje kwenye mauzo. Kupima kabla ya kuuza, mnamuita afisa mifugo anachukua damu, kipo kipimo cha haraka cha kuchanganya damu na dawa ya rangi ya pinki kuona kama inaganda. Ubaya wake kaka ameusema na hajakosea, kijijini gari la mifugo likisimama kwako jioni kila mtu anajua. Na akikutwa nao, ng'ombe hatibiwi kama wewe, mara nyingi ushauri unakuwa achinjwe, na bei ya nyama haifiki bei ya ng'ombe wa maziwa. Uzuri wake ni kwamba wanaweza pia kutoka wazima, na hapo unalala. Kingine, ambacho kaka hajakifikiria, huyo mwenye mkosi akibaki zizini atawaambukiza hao waliobaki, kwahiyo pensheni ya mama inaliwa taratibu hata kama hamjauza hata mmoja.

Mnaweza kuuza wa kuchinja tu, madume na huyo mmoja, kwa wachinjaji. Nyama ikiiva vizuri haina neno, hatari iko kwa anayechinja na kugusa damu na uchafu wa uzazi, kwahiyo na hapo mkaguzi wa nyama inabidi ajue. Hela itakuwa pungufu, swali ni pungufu kiasi gani, maana kwenye barua sijaona umeandika gharama ni kiasi gani na ng'ombe wawili wa mjane ni sehemu gani ya hiyo gharama. Umeandika tu "nakosa operesheni". Je ni kweli, au ni kauli ya kaka akiwa amekasirika?

Wapo wataokushauri umwambie mjane kwa siri tu, mama chemsha maziwa kabla ya kuuza. Kuchemsha kunaua mdudu, hilo ni kweli na litawalinda wateja wake. Halitamlinda yeye siku ng'ombe akizaa au akitupa tena naye yuko pale na mikono yake, na halitamlipia mkopo wa kikundi akibaki na ng'ombe asiye na ndama. Na siku akijua kwamba ulijua nusu ukamwambia nusu, hapo sijui, mama yako bado atakuwa anakaa naye kwenye hicho kikundi kila wiki.

Na kunyamaza kama anavyotaka baba mtoto wako. Sitakuhukumu kwa hilo, mtu ambaye valvu yake inavuja siyo mtu wa kuhubiriwa, na mumeo anaongea kwa uoga wa kukupoteza. Nakuuliza tu, hayo "mengine tutatubu baadae" utayabeba wewe au yeye? Maana aliyeandika barua ni wewe.

Kitu ambacho sijaona mmejaribu ni hospitali yenyewe. Hospitali za serikali zina ofisi ya ustawi wa jamii, watu wanaipita kila siku mlangoni wanadhani ni ya kina nani sijui. Upasuaji wa valvu unafanyika hapa hapa nchini, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili wanafanya, na mtu wa ustawi wa jamii anaweza kukuambia kama upo msamaha au kulipa kidogo kidogo. Sikuahidi kitu, wakati mwingine wanakuzungusha, karatasi kutoka serikali ya mtaa, barua hii, barua ile, na wewe muda unao kiasi gani? Hilo muulize daktari wazi wazi. Dawa za brusela ya moyo ni ndefu, angalau miezi 3 na mara nyingi zaidi, wengine upasuaji unasubiri dawa zifanye kazi kwanza, wengine moyo ukianza kushindwa hausubiri. Akikwambia una miezi miwili salama, basi ile "mwezi ujao mteja analeta hela" ni haraka ya kaka, siyo ya moyo wako. Akikwambia haraka ni ya moyo, mazungumzo yote yanabadilika na kaka awepo asikie kwa masikio yake, ikiwezekana muende naye klinik.

Kuhusu valvu sitakaa sana, hilo ni la wewe na madaktari, ila mumeo anataka vitu viwili vinavyovutana. Ya chuma inadumu, lakini utameza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yako yote na kupima damu mara kwa mara kuona kama imelegea sana au kidogo, na wafarini kwenye mimba changa inaweza kumdhuru mtoto, na kuiacha kunaweza kugandisha damu kwenye valvu. Wapo waliozaa wakiwa na valvu ya chuma, kwa uangalizi mkubwa sana. Ya mnyama kwa kawaida haikufungi na wafarini maisha, ila kwa mtu wa umri wako inachakaa mapema na kifua kinafunguliwa tena baadae. Hizo dawa za mkojo wa machungwa nazo zinapunguza nguvu ya wafarini, kama zitatumika pamoja lazima wajue. Zinapunguza pia nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango, kwahiyo kama unategemea hivyo ongea nao sasa, mimba kipindi hiki ingekuweka pabaya. Hiyo "mtoto wa pili" mzungumze mbele ya daktari wa moyo kabla valvu haijachaguliwa, siyo baada.

Pumzi ikikata ukilala chali, miguu ikivimba, homa ya jioni ikirudi, au mkono ule ukiwa mzito hata dakika 5, usisubiri tarehe ya klinik, nenda saa hiyo hiyo.

Na kuna kitu hukuniandikia. Zile wiki 7 za mwezi wa 6, ulienda peke yako au ulikuwa na mtoto? Kama mlienda wote na yeye alipewa maziwa kama wewe, klinik ijayo nenda naye.